Mwaka Nilioteremsha Mbegu

Tulipomzika Salome, mwezi uliopita, mchungaji alisimama kando ya kaburi akasema marehemu ameishi miaka yote hii bila kudaiwa na mtu hata shilingi. Watu wakaitikia Amina. Mimi nikakohoa. Sikukohoa kwa ubaya. Mjukuu wangu aliyekuwa amenishika mkono akadhani nalia, akanipa leso yake. Sikulia. Salome nitamlilia siku yake, peke yangu, nikiwa jikoni. Pale kaburini nilikuwa nafikiria kwamba mchungaji huyu ni kijana, hakuwako mwaka ule wa mvua kubwa, na kwamba yeyote atakayenisemea mimi siku yangu asithubutu kusema sikudaiwa. Nilidaiwa mpaka nikawa naona haya kupita mbele ya kuku wa watu. Na nililipa. Hayo mawili yasemwe pamoja ama yasisemwe kabisa.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha chai Garsen, pale yanaposimama mabasi. Kibanda ni kusema tu: miti minne, makuti juu, gunia upande wa upepo, mabenchi mawili ambayo ukikaa vibaya yanakutupa. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina nguvu za punda na mdomo wa chiriku. Kwetu ni Hewani, mtoni. Mume wangu Komora alikaa kule na mama yake na watoto, akilima. Mimi siku za wiki nililala Garsen katika chumba cha kupanga, mabati pande zote nne, nyuma ya duka la Mwarabu mmoja, mwenye nyumba, na Jumamosi nilirudi nyumbani na sukari. Siku hizo njia ya Lamu ilikuwa na mashifta, wale majambazi wa porini, mabasi hayakuthubutu kwenda moja moja. Yalingojana, yakaongozana na askari wenye bunduki, na yakifika Garsen abiria wote walishuka kwa mkupuo mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, wanataka chai. Mtu aliyeponea chupuchupu hahesabu mahamri. Nilikuwa nauza. Maziwa nilichukua kwa Dhahabo, mama wa Kiorma aliyekuja asubuhi na vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi, chai yangu ikawa na ile harufu ya moshi ambayo watu wa Lamu waliilalamikia kisha wakaagiza kikombe cha pili.

Salome alikuwa mjane. Alishona nguo kwenye kibaraza kilichotazamana na kibanda changu, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa mume, ndiyo shamba, ndiyo ng'ombe. Tulizoea kuzungumza kwa kupigiana kelele juu ya vichwa vya abiria. Siku moja alivuka barabara, jambo ambalo hakulifanya ila kwa habari nzito.

"Mama Jilo, kuna watu wanatoa pesa."

"Wanatoa ama wanakopesha?"

"Si ni mamoja?"

"Muulize ng'ombe kama kukamwa na kuchinjwa ni mamoja."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaniandikisha. Tulikuwa wanawake watano. Afisa wa mkopo alikuwa kijana wa bara, shati limepigwa pasi hata mikono, na kwa kuwa alikuja kila Alhamisi tukamwita Bwana Alhamisi, naye akalipenda jina. Alituketisha kwenye chumba cha nyuma ya kanisa akatueleza kwamba kwa kuwa hatuna hati ya shamba wala mshahara, dhamana ni sisi kwa sisi. Mmoja akishindwa, wenzake wamlipie; wasipotaka kumlipia, waingie kwake watoe kitu wakiuze. "Nyinyi wenyewe ndio benki," alituambia. Tukampigia makofi! Hata leo nikisikia mwanamke anaambiwa yeye ndiye benki, namtazama kama sufuria yake ameishika vizuri.

Kosa letu silifichi, na ni kosa la watu wa mtoni. Sisi deni tulilolijua ni la msimu. Unakopa pishi ya mpunga kwa jirani, unamlipa mpunga ukivunwa. Mto ukikataa, jirani naye ana macho, anaona mto umekataa. Mnangojeana mpaka mto ukubali. Hakuna anayeyasema haya maana hakuna asiyeyajua. Kwa hiyo Bwana Alhamisi alipotuuliza kama tutaweza kulipa kila wiki, tuliitikia kwa pamoja kama tunaitikia salamu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza: na mto ukikataa? Kuuliza vile kungekuwa kama kumuuliza mtu kama anajua jua hutua. Tulidhani anajua. Kwao labda hakuna mto.

Nilinunua sufuria kubwa, ile ya kupikia harusi, nikanunua mabati ya kuezekea kibanda, gunia la unga, sukari, na bilauri mpya zenye maua. Wiki za kwanza nililipa kwa maringo. Nilikuwa naweka pesa mezani kwa kishindo ili wenzangu wasikie. Mama Jilo ana hoteli! Nilikuwa nikimwambia Komora Jumamosi kwamba mwaka ukiisha nitamtoa kwenye jembe, atakuwa anakaa kwenye kaunta anapokea pesa, naye alikuwa akinijibu, "Mimi na kaunta wapi na wapi," huku ametabasamu upande mmoja wa mdomo kama mtu anayeambiwa habari za peponi.

Kisha mvua ikaja. Wazee wa redio waliiita Elnino, sisi tuliiita mvua tu, maana ilipokuwa inatupiga hatukuwa na nafasi ya jina. Ilinyesha bara na ilinyesha kwetu, mto ukatoka kitandani mwake ukaenda kulala kwa watu. Barabara ya Malindi ikakatika. Ya Lamu ikakatika. Garsen ikawa kisiwa chenye vyura. Asubuhi niliamka nikawasha moto, nikachemsha maji, nikakaa kuangalia ile njia ambayo mabasi yalikuwa yakitokea, na kilichotokea ni mti mzima unaelea na nyoka juu yake. Hewani watu walihama wakaenda kukaa kwenye kilima, na habari zikanifikia kwa wenye mitumbwi kwamba wanangu ni wazima na kwamba mama mkwe, wakati watu wanakimbia na magodoro na mbuzi, yeye alibeba kichwani kapu lake la mbegu ya mpunga na hakubeba kingine. Siku zile mvua ilipozidi alikaa kitako amelipakata, amelifunika kwa kanga yake, yeye mwenyewe analowa. Nilicheka niliposikia. Nilisema huyu mzee naye!

Bwana Alhamisi hakukatika. Hata barabara ilipofungwa kabisa yeye alikuwa amepanga Garsen, amenunua gambuti za mpira, na kila Alhamisi alikuja kanisani anapiga chabu chabu kwenye maji. Nilimwambia, "Mwanangu, mabasi hayapo." Akanijibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi: "Mama, hata mimi naona. Lakini ile karatasi ya ofisini haioni." Basi nikalipa kutoka kwenye unga. Unga ukaisha nikalipa kutoka kwenye sukari. Nikauza bilauri zenye maua, nikauza redio, nikauza kanga zangu mbili za doti ambazo Komora alininunulia alipouza maembe, moja baada ya nyingine, na wa mwisho kununua akaninyoshea kanga juani kuangalia kama ina tundu, mbele ya watu. Nikakopa kwa Mwarabu mwenye duka ili nimlipe Bwana Alhamisi, wiki iliyofuata nikapunguza chakula ili nimlipe Mwarabu. Dawa ya deni kulipa, watu husema. Ni kweli. Lakini kuna dawa inayomaliza ugonjwa ikammaliza na mgonjwa.

Maji hayakuja peke yake, yalikuja na ugonjwa wa mifugo. Ng'ombe wa Waorma, waliosimama kwenye matope mpaka kwato zikaoza, wakaanza kutupa mimba na kutoka damu puani, na watu wa afya wakatembea na kipaza sauti kusema mnyama asichinjwe, maziwa yasinywewe mabichi. Mimi nilikuwa nachemsha, lakini nani wa kusikiliza? Hata wale wachache waliokwama Garsen wakawa wanauliza chai ya rangi. Dhahabo akaja asubuhi moja na vibuyu vitupu.

"Mama Jilo, leo mimi sikuja kuuza. Nakuja kukaa tu."

"Kaa, dada."

Nikampa chai isiyo na maziwa wala sukari, maji yaliyopita karibu na majani. Akainywa kama ni chai. Tulikaa tunaangalia mvua inavyotoboa madimbwi. Baada ya muda akaniuliza, "Mtu ya deni nakuja leo?"

"Leo ni Alhamisi."

"Kwetu ng'ombe ikikufa, mtu ya deni nakuja kwanza kulia na wewe. Akimaliza kulia, ndio nadai."

"Wa kwetu hana machozi, ana gambuti."

Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na sikujua ni lini kicheko kiligeuka kuwa kitu kingine. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi kama kuni ya mwaka jana. Yeye hakuwa na deni la mtu, alikuwa na ng'ombe waliokufa. Mimi sikuwa na ng'ombe wa kufa, nilikuwa na deni. Tulikaa pale tukiwa sawasawa.

Chumba changu kilikuwa na ukuta wa bati mmoja na mwenye nyumba, na bati halijui siri. Njaa ilipokuwa imenishika kweli, niliona aibu jiko langu likae kimya wakati wa kupika, kwa hiyo jioni niliteleka sufuria ndogo na maji, nikayakoroga kwa mwiko, nikagonga gonga ukingo kama mtu anayesonga. Jioni moja nikamsikia mke wa mwenye nyumba na jirani yake wakiongea wanachambua mchele.

"Huyu wa chumba cha mwisho anapika nini kila siku?"

"Anapika maji."

"Mbona anakoroga?"

"Anakoroga ili tusikie."

Hawakusema kwa kejeli. Walisema kama watu wanaotaja hali ya hewa, na baadaye kidogo mlangoni pangu pakawekwa kisahani cha wali umefunikwa. Nilikitazama. Nilikiacha mpaka ukapoa, nikakirudisha kwa mwenyewe nikasema asante, nimeshiba, kisha nikarudi chumbani nikang'ata upande wa mkeka. Mjukuu wangu akisoma hapa ananiuliza, "Bibi, kwa nini usile?" Sina jibu litakalomtosha mtu aliyekula leo.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo sikuwa na kitu. Wenzangu walikuwa wamenilipia mara moja, wakanilipia mara ya pili huku wanasonya, mara ya tatu wakaja kibandani, Salome mbele. Walisimama kwenye mstari kama watoto wa shule waliotumwa na mwalimu.

"Tumekuja, Mama Jilo."

"Naona. Mmekuja na kichwa cha kubebea?"

Wakachukua ile sufuria ya harusi. Mwingine akapanda kwenye benchi akaanza kulegeza mabati. Salome aliibeba sufuria amegeuza uso, na alipofika barabarani nikamwita kwa sauti ya kusikiwa na Garsen nzima: "We Salome! Sufuria bila mfuniko mtaiuzaje? Njoo uchukue!" Nikautoa mfuniko kwenye gunia nikaufuta kwa upindo wa kanga nikampa mkononi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Sikumhurumia. Nilikuwa nataka atetemeke. Baadaye wakachukua godoro, na bila sufuria wala paa sikuwa tena na kibanda, nilikuwa na miti minne. Niliporudisha ufunguo wa chumba, Mwarabu aliniuliza deni lake nitamlipa lini. Nikamwambia mto ukikubali. Huyo alinielewa, alizaliwa Kipini, mto unapoingia baharini.

Maji yalipoanza kurudi mtoni nilirudi Hewani na nguo nilizovaa. Tulichokula kule ni mahindi ya njano ya msaada, na yalipokwisha tulikula mizizi ya mayungiyungi, ambayo watoto waliichimba kwenye madimbwi, unaichemsha mpaka imelegea na bado inakuacha na ladha ya tope kwenye meno. Lakini tope lenyewe! Nataka anayesoma anielewe hapa. Mto unapofurika hivyo hukuacha maskini, lakini hukuachia tope jipya, jeusi, laini kama siagi, na mpunga ukiuweka humo haujui kukataa. Wazee walisema hawajaona tope kama lile tangu utoto wao. Kila mtu alikuwa anatembea pembezoni mwa shamba lake anachovya mguu na kuutoa, anachovya na kuutoa, kama bibi harusi anayejaribu viatu. Komora alirudi jioni miguu imevaa soksi za matope mpaka magotini, akanena jambo ambalo hakuwahi kulinena: "Mke wangu, msimu huu tunalipa wote. Bwana Alhamisi, Mwarabu, wote. Tunabaki na wa kula."

Tatizo la kijiji lilikuwa mbegu. Mbegu za watu wengi zililoa kwenye kukimbia zikaota ukungu. Msaada ulileta mbegu ya mahindi, na mahindi kwenye tope lile ni kumvisha ng'ombe kofia. Mpunga wa mbegu uliokuwa mkavu ulikuwa katika nyumba chache tu, na mojawapo ilikuwa yetu, kwa sababu ya yule mzee aliyelowa kilimani. Alikuwa amelirudisha kapu mahali pake, uchagani juu ya jiko, moshi ulifukize, mdudu asiingie. Sikucheka tena.

Walikuja wanne, asubuhi, kwa mtumbwi, Salome mbele. Komora alikuwa shambani anasafisha magugu. Mama mkwe akawakaribisha mkekani akawapa uji wa mahindi ya njano, maana mgeni ni mgeni. Wakanywa. Wakazungumza habari ya maji, ya mamba aliyeonekana karibu na kivuko, ya bei ya chumvi, mambo yote isipokuwa jambo lenyewe, na macho yao yanaizunguka nyumba. Nyumba ilikuwa na nini? Mkeka waliokalia. Mtungi. Majembe mawili, moja halina mpini. Na juu ya jiko, kapu.

Kwetu kapu la mbegu haliguswi na mkono usio wa jiko lile. Mwizi atakuibia mbuzi, kapu la mbegu ataliacha. Mume mwenyewe haliteremshi, huomba. Huteremshwa na mwanamke wa nyumba siku ya kupanda, basi. Wale wanawake ni watu wa mtoni kama mimi. Walijua hawawezi kunyanyua mkono wakalichukua, hata Bwana Alhamisi angesimama nyuma yao na askari. Nami nilijua hawawezi. Ningekaa kimya wangemaliza uji, wakaaga, wakarudi Garsen mikono mitupu.

"Mama Jilo," Salome akasema, "mimi sikuombi kitu."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja uone uso wangu. Bwana Alhamisi amesema Alhamisi hii asipopata, anaanza na mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuandikisha." Akaweka kikombe chini. "Anachukua cherehani."

Mmoja wa wale wenzake akasema huku anatazama nje, "Na cherehani ikienda, watoto wake watakula vifungo."

Nilimtazama Salome. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetokeza kama vishikio vya kikapu, na gauni alilovaa, yeye fundi, lilikuwa limechanika kwapani na hakulishona. Nikasimama. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma ama kiburi. Nadhani kiburi kilitangulia, huruma ikafuata nyuma inapiga kelele kwamba yenyewe ndiyo iliyotangulia. Sikutaka irudi Garsen habari kwamba mwanamke wa Hewani alijificha nyuma ya kapu. Nikapanda juu ya jiwe la jiko.

"Mke wa mwanangu," mama mkwe akasema, "unafanya nini?"

"Nalipa, Mama."

"Hilo si lako peke yako."

"Najua, Mama."

"Hilo nalibeba tangu sijaota mvi."

Nikaliteremsha. Lilikuwa zito, na lilinukia moshi na mavuno. Nikamnyoshea Salome, naye akaficha mikono nyuma. Nikamnyoshea wa pili, akarudi hatua. Wote wanne walisimama wakaweka mikono nyuma kama watoto wanaokataa dawa. Hivyo nikalibeba mwenyewe, kichwani, mpaka mtoni, nikaliweka ndani ya mtumbwi, nikausukuma mtumbwi majini kwa mguu wangu.

Komora alirudi mchana, akanawa, akakaa, akainua macho kwa mazoea. Akaangalia uchaga. Akaangalia chini, kama kapu limeanguka.

"Panya?"

"Si panya. Ni mimi."

Ningependa angenipiga, Mungu anisamehe, ama angetukana. Alisema tu, "Ungeniambia, Mama Jilo," kwa ile sauti ya mtu aliyechelewa basi, akachukua jembe akarudi shambani kulima mahali ambapo hakuwa na cha kupanda. Mama mkwe hakusema neno. Alinyamaza siku ile, na siku iliyofuata, na akaendelea. Aliniangalia bila kuniona, akanipa chumvi nikiihitaji, akaweka sahani yangu pamoja na za wengine, lakini sauti yake nikawa naisikia inapozungumza na watoto tu. Na kila asubuhi alikoleza moto wa kuni mbichi chini ya uchaga mtupu, ukafuka moshi mzuri, mweupe, haufukizi chochote.

Mbegu iliuzwa Garsen Alhamisi ile ile, kwa bei ambayo mpunga haujawahi kuuzwa, na bado haikulimaliza deni. Ilifunika malipo yaliyopita, yaliyobaki yakabaki. Cherehani ilipona. Aliyenunua kapu alikuwa Buya, binamu ya Komora, ambaye vijana wake walikuwa na kazi Mombasa na ambaye mbegu yake ilioza. Sikumlaumu. Mtu mwenye pesa na tope alihitaji mbegu. Siku chache baadaye alikuja akakaa na Komora nje ya nyumba, nami ndani nikawasikia.

"Ndugu yangu, shamba lako litalala?"

"Litalala."

"Tope hili kulala ni dhambi. Na mipaka imefutika yote. Nipe msimu mmoja, nikutunzie lisiingiliwe na wengine."

Nilisikia Komora anavyokwaruza ardhi kwa kijiti. "Msimu mmoja," akasema.

Msimu huo haujaisha mpaka leo. Kwetu anayeonekana akipanda ndiye mwenyewe, na watoto wa Buya wamepanda pale, na wajukuu wake, na Komora alikufa akiwa bado anasema ni msimu mmoja.

Ndivyo mbegu yetu ilivyopandwa kwenye tope letu, na mkono si wetu. Iliota kama nywele za mtoto mchanga. Nilikuwa napita kando kwenda kuchota maji, na nilijifunza kupita nikitazama mtungi. Mpunga ulipoanza kutoa masuke ndege wakaja, wale wadogo wanaoshuka kama wingu na kuinuka shamba likiwa makapi, na Buya akatafuta watu wa kuwafukuza kwa malipo ya siku. Nilikwenda mimi. Komora aliniambia, "Nenda kokote, usiende pale." Nikamwambia, "Kwingine hakuna pesa, Baba Jilo." Nikapanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti, na kombeo na rundo la matope, tangu jua linachomoza mpaka linaingia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu waliopita kwa mitumbwi walinijua. Wengine walinisalimu kwa heshima, wengine walitazama upande wa pili, na mlevi mmoja akanipigia kelele, "Mama Jilo, unalinda mali yako?" Nikamtupia tope, likampata. Hilo ndilo jambo moja la furaha ninalolikumbuka katika msimu ule.

Pesa ya ndege nilimpelekea Bwana Alhamisi, nikatembea, nikavuka, nikampelekea, mpaka siku aliyosema deni limekwisha. Salome alikuwako kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Wote watano tulikuwako. Bwana Alhamisi alisimama akanipa mkono, na nakuapia alikuwa na furaha ya kweli usoni, yule kijana. "Hongera, Mama! Umemaliza. Mtu kama wewe sasa anaruhusiwa mkopo mkubwa zaidi, mara mbili ya ule." Nilimwangalia. Salome akainamisha kichwa. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeshakula leo?" Akasema bado. Nikamwambia, "Basi nenda ukale." Nikatoka. Salome akanifuata mpaka barabarani, akanishika kanga. Nikamwambia nyumbani mbali. Tulikuwa marafiki tena baadaye, kwa miaka mingi, tulicheka, tuliozeshana watoto; lakini habari ya kapu hatukuitaja hata mara moja, na sasa ameondoka nayo.

Walivuna. Ulikuwa mpunga wa kusimuliwa. Magunia yalipangwa hata njiani. Desturi ni kwamba aliyefukuza ndege hupewa kidogo cha mpunga mpya, na mke wa Buya, mwanamke mwema, alinijazia ungo, akanizidishia kwa viganja vyake. "Mwenyewe unaujua, ni mbegu nzuri," akasema, kisha akasikia alichosema akakimbilia kwenye magunia.

Niliufikisha nyumbani. Nikauweka ungo mbele ya mama mkwe, pale jikoni, nikakaa chini. Mpunga ulikuwa ni ule ule, ganda lake jekundu, punje fupi. Aliuchota akauachia upite katikati ya vidole. Akainua macho kwenye uchaga. Akageuka akatazama nje, upande wa mtoni, ambako kulikuwa na mashamba ya kila mtu isipokuwa letu. Nilingoja aniambie niuweke juu, uwe mbegu. Aliinuka kwa kushika goti, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anakiburura kinu.

Tukautwanga siku hiyo hiyo, mimi na yeye kwa zamu. Harufu ya wali ilifika mpaka kwa majirani. Watoto walikula hadi ukoko, wakalamba mwiko. Komora alikula ameinamia sahani yake. Mimi nilishindwa kuanza. Nilikuwa nimeushika mkononi umepoa. Ndipo mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya mtumbwi.

"Kula," akaniambia. "Ni wako."